Utokako, uendako: daftari la vitu vilivyopotea

Nilikwenda Morogoro kwa harusi. Kilichonirudisha huko wiki mbili baadaye ni kifuniko cha kalamu.

Kalamu nilipewa zawadi, na kifuniko chake kiling'aa kama fedha. Usiku niliiacha mezani, asubuhi nikaikuta kichwa wazi. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Simu ipo, noti zimo kwenye suruali niliyoitundika msumarini. Nikainama chini ya kitanda, nikakung'uta shuka, nikakagua hata ndani ya kandambili za gesti. Mwizi gani anaacha simu, anaondoka na kifuniko?

Mzee wa mapokezi hakushtuka. "Chumba namba ngapi, mwanangu?" Nikamwambia sita. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kauntabuku ya kwaya mbili, akaniandikisha kama mgeni anayeingia.

Gesti yenyewe iko chini ya milima ya Uluguru: vyumba tisa, bati, ua wenye mwembe, na maji ya moto yanayoletwa kwa ndoo ukigonga dirisha la jikoni. Jina lake silitaji. Mzee aliniomba: "Andika yote, jina liache. Wageni wana woga wao."

Ila kauntabuku hiyo lazima niielezee. Aliyewahi kulala gesti anakijua kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi. Mzee alichukua safu hizohizo, akazipiga mstari kwa rula na biki nyekundu, akaandikisha vitu. Penye jina, anaandika kitu. Penye kabila, anaandika kimetengenezwa kwa nini. Utokako ni chumba. Basi unasoma: hereni, moja, kabila dhahabu ya bandia, utokako chumba 5. Kizibo cha soda, kabila bati, chumba 7. Nati ya kitanda, kabila chuma, chumba 6. Kipande cha sabuni, ambacho kabila lake alilikosa akaandika "sabuni" tena. Penye sahihi ya hereni aliandika: "Mgeni amelia." Safu ya uendako ilikuwa tupu, kurasa tatu nzima.

Nilidhani ni mchezo wa mzee aliyekosa la kufanya usiku. Kumbe alikuwa anamtetea mtu. Kila kitu kilipopotea, lawama zilimwendea dada wa usafi, na mwenye gesti alishaanza kutaja kumkata mshahara. "Binti yule alishaniletea shilingi elfu kumi aliyoikuta chini ya godoro," mzee aliniambia. "Mtu arudishe elfu kumi, aibe kizibo? Nikasema ngoja niandike. Maneno ya mdomoni yanageuzwa, lakini ya kwenye daftari yanakaa."

Na daftari likamjibu. Vitu vyote vilitoka chumba 5, 6 na 7, vya nyuma, vinavyotazama migomba. Vyumba vya mbele havikuguswa. Hakuna noti hata moja iliyopotea. "Hapo nikajua tunashughulika na mtu asiyejua hela," alisema, akatulia. "Na binadamu asiyejua hela sijamwona."

Niliporudi Dar nilimwachia namba yangu. Wiki mbili hazijatimia, akapiga akicheka: "Mwanangu, mwizi wako nimempata. Njoo, kwenye simu sisemi."

Alikuwa ameomba nusu kikombe cha unga wa sembe jikoni, akaunyunyiza usiku kwenye korido ya nyuma. Alfajiri akakuta nyayo ndogo zenye vidole, na katikati yake mchirizi mrefu, kana kwamba mtu kaburuta kamba. Aliufuata mpaka nyuma ya lundo la kuni, kwenye shimo. Panya buku.

Kwa watu wa Morogoro, mji kasoro bahari, huyu hahitaji kutambulishwa. Ana uzito wa kilo moja na zaidi, mkia wake unaishia na weupe, na mashavuni ana vifuko vya kubebea chakula hadi shimoni. Hatosheki na chakula: huhifadhi pia sarafu, misumari, vizibo na hata kalamu. Na ni ndugu wa wale wanaofundishwa palepale mjini, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), ambako shirika la APOPO limeweka makao tangu mwaka 2000. Wengine hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu, wengine hupelekwa kutafuta mabomu ya ardhini. Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi hiyo Kambodia, na Septemba 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, panya wa kwanza kuipata.

Kilichonichekesha ni hiki: panya wa mabomu hufundishwa kunusa baruti na kuvipita vyuma chakavu bila kuvijali. Huyu wa gesti hawezi kuupita msumari.

"Wenzake wamesoma SUA," mzee akasema. "Huyu wa kwetu kaishia mtaani."

Walipofukua walipata karibu kila kilichoandikwa. Kifuniko changu kilikuwa na alama mbili za meno, na sijataka kuzifuta. Panya mwenyewe hakuwemo, na mzee hakumtegea. Aliziba tu nafasi chini ya milango kwa vipande vya mpira. Kwa nini panya alipenda hereni moja akaiacha pacha yake kitandani, sijui wa kumuuliza. Tena kuna hili: wageni waliomshuku dada wa usafi walishaondoka zamani, na hakuna aliyerudi kumwomba radhi. Nilimkuta anafua mashuka. Nilipomuuliza anajisikiaje, alisema, "Nilijua mimi siyo," akaendelea kukamua.

Sasa safu ya uendako imeanza kujaa. Hereni: "Dodoma, kwa basi." Kifuniko: "Dar, kachukua mwenyewe."

Mstari mmoja, wa kitu kingine kilichofukuliwa shimoni, umegoma. Jina, ufunguo. Kabila, shaba. Utokako haujaandikwa, maana ufunguo una kibao cha mti kilichochomwa namba 14, na gesti ina vyumba tisa. Mzee ana miaka 17 pale, hajawahi kukiona. Ameujaribu kwenye kila kitasa, hadi cha stoo.

Kama mlango wako una namba 14 na ufunguo wake ulikupotea Morogoro, niandikie kupitia gazeti hili. Unaning'inia mapokezi, juu ya kalenda.