Kutoka Amri hadi Maelekezo: Mashindano ya Uokaji na Pai za Chumvi katika Kufundisha Kiswahili Arua na Koboko

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anayeingia darasani Arua au Koboko hawakuti wanafunzi wasiojua lolote. Wengi wao wameshasikia maneno kama njoo, toka, leta, kaa chini, bei gani na punguza. Hicho ni Kiswahili cha amri na cha sokoni. Wanachokikosa ni Kiswahili cha nyumbani: cha kumwelekeza mtu kwa upole, kusifu kazi yake na kumkosoa bila kumvunjia heshima. Katika makala hii tunakusudia kueleza njia moja ya kuwasaidia, tuliyoijaribu pamoja na wanafunzi wetu wa ualimu wakati wa mazoezi ya kufundisha West Nile. Njia yenyewe ni kutazama mashindano ya uokaji katika televisheni, kisha kujaribu kupika pai za chumvi nyumbani.

Kiswahili cha West Nile kilitoka wapi?

Tangu mwanzo wa karne ya 20, jeshi la King's African Rifles lilitumia Kiswahili kutoa amri, na vijana wengi wa West Nile waliandikishwa humo. Idi Amin, ambaye asili yake huhusishwa na Koboko, alijiunga na jeshi hilo mwaka 1946. Alipokuwa rais, mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Vita vya mwaka 1979 vilipomalizika, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan, na waliorudi kutoka Zaire walikuja na Kiswahili cha huko. Hadi leo biashara na soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, inaendelea kukilisha Kiswahili cha Arua.

Sheria nazo zimekipa nafasi. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, sheria haiwezi kuifanya lugha ipendwe. Wako wananchi wengi wa Uganda ambao Kiswahili kwao bado kinakumbusha askari na vizuizi vya barabarani. Lugha yenye sifa hiyo itakubalika vipi mezani, mbele ya mama na watoto? Ndiyo sababu tulichagua jiko.

Mashindano yenyewe

Mashindano yanayojulikana zaidi ni The Great British Bake Off, yaliyoanza kuonyeshwa BBC Two nchini Uingereza mwezi Agosti 2010, waamuzi wa mwanzo wakiwa Mary Berry na Paul Hollywood. Yalihamia BBC One mwaka 2014 na Channel 4 mwaka 2017. Afrika Kusini ilianza mashindano yake kwa mtindo huohuo mwaka 2015, na Kenya mwaka 2019.

Kila kipindi kina kazi tatu. Kwanza, mshindani huoka kitu alichokizoea. Pili, wote hupewa pishi moja wasilolijua, pamoja na maelezo mafupi mno. Tatu, huoka kitu cha kuonyesha ufundi wao wote. Mwishoni waamuzi huonja, hueleza sababu zao, na kwa kawaida mshindani mmoja huaga.

Mpangilio huu unamfaa sana mwalimu wa lugha. Kazi ya kwanza inahitaji usimulizi na kiambishi hu- cha mazoea: "Kwetu huoka siku ya sikukuu." Kazi ya tatu inahitaji wakati ujao na sababu. Lakini iliyo tajiri kuliko zote ni kazi ya pili. Karatasi ikisema tu "tengeneza ganda, jaza, oka", mshindani hubaki akijiuliza: moto kiasi gani, kwa muda gani, nitajuaje kwamba imeiva? Hapo wanafunzi huona wazi kwamba amri fupi humfaa yule tu anayeijua kazi tayari. Asiyeijua anahitaji maelekezo.

Tulichofanya ni kuzima sauti ya televisheni na kuwaachia wanafunzi wasimulie kwa Kiswahili kile wanachokiona. Dakika 10 za picha zinatosha kwa somo zima.

Tatizo la neno "tamu"

Kabla ya kuingia jikoni ilibidi tupate maneno. Kiingereza hutenga vyakula vya sukari na vile visivyo vya sukari. Katika Kiswahili, tamu hubeba maana mbili: chenye sukari na chenye ladha nzuri. Kwa hiyo "pai tamu" yaweza kuwa ya maembe au ya nyama. Tulikubaliana kusema pai ya sukari na pai ya chumvi, kama watu wasemavyo vitafunio vya chumvi. Kwa kuonja tulitumia maneno haya: chumvi imekolea, ina chapwa (haina ladha), ni kali, ni chungu, ina ukakasi.

Neno pai ni la mkopo, na tunalitumia katika ngeli ya I-ZI: pai hii, pai hizi. Lakini wazo la kufunika nyama ndani ya unga si geni. Sambusa inajulikana Arua na Koboko kama inavyojulikana pwani, na ngozi yake nyembamba huitwa manda. Mombasa wana mkate wa mayai, ambao ni unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama na mayai, na Unguja wana mantabali, jina lililotokana na Kiarabu. Vyakula hivi hukaangwa, ilhali pai huokwa. Tofauti hiyo ni ya kusisitizwa, kwa kuwa wanafunzi wengi hutumia kuchoma kwa kila kitu. Nyama huchomwa juu ya makaa. Mkate huokwa katika joto lililofungiwa. Sambusa hukaangwa katika mafuta.

Koboko, ambako wapo wasemaji wa Kinubi, tulipata msaada mwingine. Anayesema samaga kwa Kinubi hapati shida kulikumbuka neno samaki, kwani yote mawili yana asili ya Kiarabu.

Jikoni

Kwa miaka mingi West Nile haikuwa imeunganishwa na gridi ya umeme ya taifa, na oveni ya umeme bado haipatikani katika nyumba nyingi. Tulitumia sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa. Haya ndiyo maelekezo, kama mwanafunzi mmoja alivyomweleza mama mwenye nyumba:

"Mama, naomba uchukue unga wa ngano nusu kilo, uuchekeche, utie kijiko kidogo cha chumvi. Utie siagi robo kilo, uisugue kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga. Uongeze maji baridi kidogo kidogo, vijiko vinane hivi. Unga ukishikana, usiukande tena. Uufunike, uupumzishe nusu saa. Nyama ya kusaga uikaange na vitunguu mpaka maji yakauke, kisha uiache ipoe. Usukume unga kwa mti wa kusukumia chapati, utandaze nusu katika bati, ujaze nyama, ufunike kwa nusu iliyobaki. Ubane kingo, utoboe tundu juu. Usipotoboa, mvuke utapasua ganda."

Msomaji ataona kwamba karibu kila kitenzi kiko katika hali ya dhamiri tegemezi, ile inayoishia na -e. Vitabu vingi vya mapishi hutumia amri ya moja kwa moja: chekecha, tia, kanda. Hiyo si makosa katika maandishi. Lakini kijana akimwambia mtu mzima "Chukua! Tia!" anasikika kama yuko gwarideni. "Naomba uchukue, utie" ni heshima. Ndani ya pishi moja mwanafunzi amepata pia -ki- (ukishikana), -sipo- (usipotoboa) na ukanushi (usiukande), na kila kimoja kimeletwa na haja ya kweli.

Sufuria huwekewa mawe madogo matatu chini, hufunikwa na kupashwa moto. Bati la pai huwekwa juu ya mawe, na makaa hugawanywa: machache chini, mengi juu ya kifuniko. Mpishi wa pwani huyaita makaa hayo ya juu kupalia moto. Makaa yakiwa mengi chini, kitako huungua kabla uso haujaiva. Baada ya dakika 45 hivi pai huwa tayari.

Wanafunzi wa Arua walitaka kutumia unga wa muhogo, unaotumika nyumbani kwao. Ganda lilipasuka lilipokuwa likisukumwa. Sababu yake ni kwamba muhogo hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoufanya unga uvutike. Tulipochanganya sehemu tatu za ngano na moja ya muhogo, ganda lilishikana. Kwa kujazia, wengine walitumia angara, samaki mkavu auzwaye Arua, na wengine kisamvu, ambacho jirani zetu wa mashariki ya Kongo hukiita sombe. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Kuhukumu bila kuumiza

Baada ya kuoka, wanafunzi waligeuka waamuzi. Hapa ndipo sarufi ilipofanya kazi kubwa zaidi. Linganisha:

1. Umevunja ganda. / Ganda limevunjika.
2. Umeunguza pai. / Pai imeungua.
3. Umelowesha kitako. / Kitako kimelowa.

Sentensi za kwanza zinamtaja mtu. Za pili zinataja hali ya chakula. Kauli ya kutendeka na vitenzi vya hali humwezesha mwamuzi kusema ukweli wote bila kumnyooshea mpishi kidole. Kisha huongeza ushauri: "Nyama ingekaushwa zaidi, kitako kisingelowa." Hiyo nayo ni -nge-, ambayo wanafunzi huikwepa katika insha.

Neno kitako liliwachekesha, lakini walilijua kutoka kitako cha bunduki. Sasa wanalijua pia kama upande wa chini wa pai, wa chungu na wa kikapu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, gharama: siagi ni ghali, hivyo pai moja iwatoshe wanafunzi wanane. Pili, wavulana wasiachwe watazame tu. Kila kikundi kiwe na mpishi wa kiume, naye aseme anachofanya. Tatu, maneno ya Kongo na ya Kinubi yasikataliwe, bali yaandikwe ubaoni kando ya yale ya Kiswahili sanifu.

Hitimisho

Hatudai kwamba pai itafuta historia. Tunachosema ni kwamba lugha iliyofika West Nile kwa sauti ya amri inaweza kujifunza upya kusema "naomba" na "karibu uonje". Mwanafunzi akiweza kumwelekeza mama yake kwa Kiswahili, na mama akamjibu, lugha imeshapata kiti nyumbani. Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu somo hili kwa pishi lolote la kwao, na watuandikie ni maneno gani yaliyowapungukia.