Ala Inayoijulisha Mashine Mahali Ilipo

Katika mashine ya kukereza vyuma inayoongozwa na kompyuta, kisu hutakiwa kisogee kwa kadiri iliyo ndogo kuliko unene wa unywele, ilhali mota inayokisogeza haijui yenyewe imezunguka mara ngapi wala shafti yake imesimama wapi. Khabari hizo huletwa na ala ndogo ifungwayo nyuma ya mota, nayo huitwa enkoda.

Ndani ya aina iliyoenea mno mna kisahani cha kioo chenye vistari vyembamba ukingoni, upande mmoja taa na upande wa pili jicho la umeme. Kisahani kizungukapo, vistari huikata nuru na kuiachia, na kila mkato huhesabiwa. Lakini kwa kuwa shafti yaweza kwenda mbele au kurudi nyuma, huwekwa macho mawili, yaliyopishana kwa robo ya nafasi iliyo baina ya kistari na kistari, na lile litangulialo kuona ndilo linalojulisha upande wa mzunguko. Kwa hila hiyo hiyo, kila jicho likihesabu nuru inapokatwa na inapoachiwa, kisahani cha vistari 2,500 huugawa mzunguko mmoja mafungu 10,000.

Aibu ya enkoda hii ni usahaulifu: umeme ukikatika, jambo ambalo wasomaji wetu hawahitaji kusimuliwa, hesabu yote hupotea, na mashine haina budi kurudishwa polepole hadi alama yake ya mwanzo. Aina ya pili haisahau, maana kisahani chake kina duru nyingi, moja ndani ya nyingine, na kila mahali pana namba yake mahsusi ya sifuri na moja. Duru 12 zatosha kupambanua mahali 4,096.

Hapo pakazuka mushkeli wa ajabu. Katika hesabu ya kawaida ya sifuri na moja, saba huandikwa 0111 na nane 1000, yaani tarakimu zote nne hugeuka kwa pamoja. Lau jicho moja litachelewa japo kidogo, mashine itasoma namba ya mahali pa mbali kabisa. Ufumbuzi ulipatikana katika kazi za simu: Frank Gray, mtaalamu wa maabara ya Bell huko Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1947 na kuipata 1953, alizipanga namba hata baina ya kila moja na jirani yake igeuke tarakimu moja tu. Saba ikawa 0100, na nane 1100; kosa likitokea, halizidi hatua moja. Sioni hila nyingine katika kiwanda iliyogharimu kidogo na kufaa kiasi hicho.

Penye vumbi na mafuta, ambapo kioo huchafuka, aghalabu hutumika sumaku na kipimo kitokanacho na uvumbuzi wa mwanafizikia Edwin Hall wa mwaka 1879.

Basi wewe mwenye karakana, ukitaka kununua mashine iliyokwisha kutumika, kabla ya kupatana bei uliza enkoda zake ni za aina gani, na uzione zikifanya kazi baada ya umeme kuzimwa na kuwashwa tena.