Bunduki Iliyotumika na Hati Zake

Mtu akitaka koti lililokwisha kuvaliwa na mwingine huenda soko la Kiboriloni, akaligeuza nje ndani, akapatana bei na muuzaji, akaondoka nalo begani bila ya kuulizwa neno. Na inasikitisha kwamba wako watu wazima wenye akili timamu, hapa Moshi mjini na huko juu Marangu, Kibosho na Rombo, wanaodhani kwamba bunduki nayo huhama mkono kwa mapatano ya namna hiyo. Bei hukatwa, jirani huitwa kushuhudia, karatasi ya daftari hutiwa sahihi, na kila upande huamini kuwa biashara imetimia, ilhali mbele ya sheria muuzaji na mnunuzi wamekwisha kujitia hatiani.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humfunga mtu mmoja na silaha moja kwa leseni moja, na fundo hilo halifunguliwi na fedha. Mnunuzi sharti aombe leseni yake mwenyewe, akianzia serikali ya kijiji au ya mtaa, akapita kata, kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kamati za ulinzi na usalama, hata maombi yake yamfikie Msajili wa Silaha. Na muda wote huo bunduki hubaki kwa mwenye leseni. Mnunuzi asiichukue hata kwa siku moja ya kuijaribu shambani. Njia hii ni ndefu, sikatai, na mkulima wa Siha ambaye tembo wamelala katika mahindi yake anastahili kujibiwa upesi kuliko ilivyo desturi ya ofisi. Walakini urefu wa njia haujapata kuwa idhini ya kuiruka.

Mbali na leseni, aina ya silaha nayo ina mipaka, na kuzibagua silaha kwa umbo lake si jambo geni katika mlima huu wa Kilimanjaro. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza katika sehemu kubwa ya Afrika bunduki za mtutu wenye mifuo na silaha nyingine za kisasa, ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Dola za Ulaya zilijua vema kwa nini zinataka Mwafrika abaki na gumegume. Mwezi wa Juni 1892 watu wa Mangi Meli, mtawala wa Moshi, walipigana na Wajerumani hapa Moshi, na kamanda wao, von Bülow, akauawa; Wajerumani wakawashuku wamisionari Waingereza kuwa walimpa Meli silaha, na mwaka ule ule wamisionari hao wakahamia Taveta. Meli alishindwa mwaka 1893, akanyongwa mwaka 1900.

Mipaka ya leo imewekwa kwa nia nyingine, yaani usalama wa raia wenyewe. Kwa Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwamo, ziliahidi kuondoa mikononi mwa raia bunduki zinazofyatua mfululizo na raifo zinazojipakia zenyewe. Kwa hiyo mwenye kuonyeshwa bunduki kuukuu asivutwe na kitako cha mti kilichong'arishwa kwa mafuta. Na atazame jinsi inavyopakiwa, kama komeo lake huvutwa kwa mkono kwa kila risasi. Atazame kama mtutu umekatwa. Kisha aipanguse kutu taratibu kwa kitambaa, asome nambari herufi kwa herufi na kuilinganisha na ile ya kwenye leseni. Nambari iliyokwanguliwa kwa tupa ni sababu tosha ya kuaga na kuondoka. Kadhalika kipimo cha risasi kina sheria yake: kwa nyati, mwindaji hatakiwi kushika bunduki iliyo chini ya .375, hata kama ya bei nafuu imemjia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la urithi. Mzee hufariki, kihamba, yaani shamba la familia, hugawanywa mbele ya ukoo kwa utaratibu unaojulikana, na bunduki iliyokuwa uvunguni mwa kitanda huhesabiwa pamoja na majembe na ng'ombe. Mwana mmoja huichukua, na baada ya miaka michache humwuzia jirani kwa nia njema kabisa. Leseni ya marehemu haimrithishi mtu. Silaha hiyo ilipaswa kukabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka aombe kwa jina lake, apimwe kama wengine. Wajane na mayatima wasiojua haya huishi na kosa ndani ya nyumba yao, na nadhani viongozi wa vijiji, ambao huhudhuria kila matanga, wangeweza kuwaambia siku ile ile.

Nawe msomaji, kabla ya kutoa hata shilingi moja, nendeni wewe na muuzaji katika kituo cha polisi cha wilaya mkiwa na leseni yake, muulize kama bunduki hiyo imo katika daftari la Msajili, na kwa jina la nani.