Je, Wajua? Nta, Kamba na Ng'ombe wa Jua

Je, wajua kwamba wimbo wa Sireni, uliowaua mabaharia wasiohesabika, una mistari minane tu katika Odyssey, utenzi wa Homer?

Na wajua Sireni hawakumwahidi Odysseus, shujaa wa utenzi huo, mapenzi? Walimwahidi elimu: habari zote za vita vya Troy na kila litokealo duniani. Kwa mtu aliyejivunia akili zake, hakukuwa na chambo kikali zaidi.

Je, wajua aliponaje? Mchawi Circe alikuwa amemwonya mapema. Odysseus akakata bonge la nta, akalikanda mikononi hadi likalainika kwa joto la jua, akawaziba wenzake masikio mmoja mmoja. Yeye akafungwa mlingotini, masikio wazi. Wimbo ulipomwingia, akawaashiria kwa nyusi wamfungue. Wenzake Perimedes na Eurylochus wakainuka, wakamwongezea kamba. Tunamsifu kwa moyo mgumu, lakini moyo wake ulikuwa umeshashindwa. Kilichomwokoa ni amri aliyoitoa kabla, na wenzake walioishika.

Sireni wenye mwili wa ndege? Homer hasemi walivyofanana. Wachoraji wa vyungu ndio waliowapa mabawa.

Katika utenzi wa Apollonius wa karne ya 3 KK, mwimbaji Orpheus aliwazidi Sireni kwa kupiga kinubi. Hata hivyo baharia mmoja, Butes, alijitosa majini kuwafuata.

Je, wajua kuna walioondolewa kishawishini kwa nguvu? Wenzake Odysseus walioonja tunda la lotus hawakutaka tena kurudi kwao. Odysseus aliwaburura wakilia, akawafunga chini ya viti vya wapiga makasia.

Je, wajua Eurylochus, yule yule aliyekaza kamba, ndiye aliyewaponza wenzake? Walikwama mwezi mzima kisiwani kwa mungu Jua, penye ng'ombe 350 ambao mabaharia waliapa kutowagusa. Akiba ikaisha, wakawa wanavua samaki na kutega ndege. Odysseus alipolala, Eurylochus akawaambia kwamba heri kufa maji kuliko kufa njaa. Wakachinja. Ngozi zikaanza kutambaa, na nyama ikalia kama ng'ombe ikiwa mishikakini. Waliposafiri, Zeus aliivunja merikebu, akapona Odysseus peke yake. Mimi siwezi kuwalaumu sana: kushinda wimbo wa muda mfupi si sawa na kushinda njaa ya siku nyingi.

Je, wajua mungu wa kike Calypso alimpa Odysseus nafasi ya kutokufa wala kuzeeka? Odysseus alikiri kwamba mkewe Penelope hamfikii mungu huyo kwa uzuri, ila bado akataka kwenda kwake.

Lakini kwangu bingwa ni Penelope mwenyewe. Aliwakwepa waposaji 108, miaka mitatu akifuma sanda mchana na kuifumua usiku. Mume aliporudi baada ya miaka 20, hakumrukia shingoni. Alimwagiza mjakazi akitoe nje kitanda cha ndoa. Odysseus akafoka kwamba kitanda hicho hakihamishiki, kwani alikichonga kwenye shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Siri hiyo waliijua wao wawili na mjakazi mmoja tu.