Umeme Ukikatika, Nani Atailipa Zamu?



Kila aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai anajua kwamba jani likishachumwa halingoji. Hulazwa kwenye vitanda vya kunyaushia, na feni kubwa hulipuliza usiku kucha. Feni zikisimama, jani hupata joto, hubadilika rangi, na chai yake haina bei. Hasara hiyo haimwangukii mwajiri peke yake. Katika kiwanda kimoja tunachokijua, watu wa zamu ya usiku walirudishwa makwao, na saa zile hazikuandikwa kitabuni.

Gridi za nchi zetu zimelemewa. Viwanda vipya na vijiji vipya vinaungwa humo, na jioni, mashine zikiwa bado zinakwenda na watu wa mijini wakiwasha taa na kupika, mzigo hupanda. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani. Tarehe 1 Aprili 2024 ikawa zamu ya Tanzania.

Siku hizi tunasikia habari za gridi ndogo. Maana yake ni kwamba kiwanda au kijiji kina chanzo chake cha umeme karibu, iwe maji ya mto, jua au jenereta, pamoja na nyaya zake, mara nyingi na betri, na swichi kubwa pale kinapokutana na gridi ya taifa. Jioni mzigo ukizidi, kiwanda hutumia umeme wake na kuipunguzia gridi kubwa kazi. Gridi ikianguka, swichi hukata njia ya nje, na kiwanda huendelea peke yake kama kisiwa.

Hapa kuna jambo ambalo mameneja wengi hawalisemi. Kuweka paneli za sola juu ya paa peke yake si gridi ndogo. Nyingi zimefungwa inveta inayofuata gridi: gridi ikizimika nayo huzimika, hata jua likiwa la saa sita mchana. Imefanywa hivyo makusudi, kwa sababu umeme ukirudi nyuma kwenye nyaya unaweza kumwua fundi aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa. Huyo naye ni mfanyakazi mwenzetu. Kwa hiyo kiwanda kinachotaka kuendelea wakati wa giza lazima kinunue swichi ya kujitenga, na inveta inayoweza kusimama yenyewe, na betri. Meneja akisema "tumeweka sola", muulizeni kama amenunua na hivyo.

Wenzetu wa Mufindi, Tanzania, wanayo mitambo ya maji ya mto Mwenga, megawati 4, iliyoanza mwaka 2012. Umeme wake unakwenda kwenye kampuni ya chai, unakwenda vijijini, na unaingia katika gridi ya Tanesco. Mpango huo tunausifu kwa sababu nyaya hazikuishia kwenye ua wa kiwanda. Tumeona mashamba mengine ambako taa za kiwanda zinawaka na nyumba za wafanyakazi, hatua mia mbili tu, zinatumia mshumaa.

Lakini udogo peke yake si dawa. Mkoa wa West Nile, Uganda, ulikaa miaka mingi na gridi yake mbali na ile ya taifa. Mitambo ya Nyagak, megawati 3.5, ilianza mwaka 2012. Watu wakaongezeka, mashine zikaongezeka, na umeme wa Arua ukawa haba tena, mpaka mkoa ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Kisiwa kisicho na daraja kina njaa yake.

Basi mwajiri akija na habari ya mitambo mipya, tawi lisikae kimya likingoja kualikwa kwenye sherehe ya kukata utepe. Liulize mezani, wakati wa mapatano: nyumba zetu zitaungwa, na kwa bei gani? Vijana gani wa kiwandani watafundishwa kuiendesha, au mafundi wote watatoka nje? Na saa za kungoja umeme, zitalipwa au hazilipwi? Hilo la mwisho halihitaji mitambo wala fedha za mkopo. Linaweza kuandikwa katika mapatano ya mwaka huu. Makatibu wa matawi waanze sasa kuandika kila kukatika kwa umeme: tarehe, saa, na watu wangapi walirudishwa. Bila daftari hilo, mezani tutakuwa na maneno matupu.