Faida za Mafunzo ya Uongozi Ukambani

Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa maana ya kazi ya umoja. Tangu zamani Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani majirani kukusanyika kumlimia mmoja wao shamba au kumjengea nyumba, naye kesho huenda kumsaidia mwingine. Lakini kazi ya siku moja ni rahisi kuiongoza; kazi ya miaka mingi yataka kiongozi aliyejifunza.

Jambo hili lilionekana wazi katika miaka ya 1950. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji ya mvua. Watu waliposhurutishwa kuchimba matuta walifanya kazi kwa moyo mzito. Vikundi vya mwethya vilipojichagulia viongozi, na wengi wao wakiwa wanawake, kazi iliendelea vizuri zaidi. Nayo Shule ya Jeanes ya Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925 kuwafundisha walimu, ilikuwa ikiwapokea wake kwa waume kutoka wilaya nyingi ili wajifunze kuongoza maendeleo ya kwao.

Faida kwa mtu mwenyewe ni kubwa. Hujifunza kuendesha mkutano, kuandika yaliyokubaliwa, kutunza hesabu, na kupatanisha wanaogombana. Zaidi ya hayo hujifunza kusikiliza, maana kiongozi asiyesikiliza huongoza kivuli chake mwenyewe.

Faida kwa kikundi ni kubwa kuliko hiyo. Tutazame mabwawa ya mchanga ya Kitui, ambayo shirika la SASOL na wananchi wamejenga kwa mamia tangu miaka ya 1990. Ukuta hujengwa juu ya mwamba katika mto wa msimu. Mvua huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, jua lisiweze kuyakausha upesi. Kazi hii ina mambo mengi: nani atakusanya mawe, nani atatunza saruji, nani atachota maji na kwa zamu gani, nani atatengeneza ukuta ukipata ufa. Fundi hawezi kuyajibu hayo. Yasipojibiwa, bwawa laweza kuharibika hali fundi amekwisha kwenda zake, na akina mama wakarudia safari ndefu ya kutafuta maji.

Huko Makueni, baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 1013 + 1000, yaani 2013, wananchi walianza kuchagua kamati kuanzia kijijini hadi kwenye kaunti, na kamati za kusimamia miradi yao. Mjumbe asiyejua kusoma makadirio ya gharama atakubali lolote aletewalo. Aliyefundishwa huuliza kwa adabu, na fedha za umma huwa salama.

Lakini iko hatari moja. Mara nyingi mwenyekiti peke yake ndiye apelekwaye mafunzoni, kila mwaka yeye yule. Akihama au akifa, elimu yote huondoka naye. Tena wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiongozi anayesifiwa tu, asiulizwe hesabu, huanza kudhani kikundi ni mali yake.

Basi, msomaji, kikundi chako kikipata nafasi ya kumpeleka mtu mafunzoni, msimchague kwa sababu ya utajiri wala ufasaha wa maneno. Mchagueni atakayekubali kuwafundisha wenzake, na mwaka ujao mpelekeni mwingine. Naye arudipo msimwulize alikula nini wala alilala wapi. Mwambieni afungue daftari mbele ya mkutano, aonyeshe alilojifunza. Kikundi chenye watu watano wawezao kukiongoza hakitakufa kwa kumpoteza mmoja.