Prednisoloni Ndani ya Seli ya Ngozi
Vidonda huanza mdomoni. Mgonjwa hushindwa kumeza hata uji wa vuguvugu, anatibiwa fangasi, anatibiwa tena, na miezi inapita kabla malengelenge hayajatokea kifuani na mgongoni. Kwa mkimbizi wa kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, rufaa humfikisha Kamukuzi, kwenye hospitali kubwa ya Mbarara. Daktari akisugua kidole gumba kando ya lengelenge, ngozi ya juu huteleza na kubanduka kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Ugonjwa huo ni pemfigasi. Seli za ngozi hushikana kwa vifungo vya protini, vikiwemo desmogleini 1 na desmogleini 3. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huvigeukia vifungo hivyo na kuvilegeza. Seli zinaachana, maji yanajaa katikati. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kurogwa, na familia nzima inastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Dawa ya kuanzia ni prednisoloni. Wengi huieleza kuwa ni ya kutuliza kinga tu, lakini hesabu inakataa. Kingamwili hizi hudumu sana katika damu: huchukua wiki 3 hivi kupungua kwa nusu. Malengelenge mapya, hata hivyo, huweza kuanza kukoma ndani ya siku chache hadi wiki 2. Majaribio ya maabara yametoa sababu mojawapo: dawa za jamii hii huingia katika seli ya ngozi yenyewe na kuifanya itengeneze desmogleini zaidi. Kingamwili zinafumua, seli inashona.

Zipo dawa zinazofanya kinyume. Penisilamini, na mara chache kaptoprili ya shinikizo la damu, huweza kuuamsha ugonjwa huu, kwa hiyo mgonjwa aje kliniki na vidonge vyake vyote mfukoni.

Dawa nyingine ya kutibu pemfigasi, rituksimabu, huangamiza seli B, chimbuko la kingamwili. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2017, asilimia 89 ya walioipata pamoja na prednisoni (dawa ya jamii ya prednisoloni) ya muda mfupi hawakuwa na dalili wala hawakuwa wakitumia dawa tena baada ya miaka 2. Kwa prednisoni pekee, asilimia 34. Bei ya rituksimabu ndiyo kikwazo.

Prednisoloni nayo ina madhara: huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na tezi za adrenali huzoea kupumzika. Kwa hiyo kuiacha ghafla ni hatari. Vidonge vikikaribia kwisha, mgonjwa arudi kliniki kabla hajameza cha mwisho.